Fuwele ya silikoni yenye antimoni nyingi: mwongozo kamili wa kulinda mpaka wa kuganda kutoka kichwani hadi mkiani

Ukivuta gogo la silikoni lenye antimoni nyingi, nusu ya kwanza kwa kawaida haisumbui. Kipenyo kinatulia, mistari ya ukuaji inaonekana wazi ubavuni, na kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Shida huja kioevu kinapokaribia kwisha chunguni. Mistari ile inafifia, kisha inapotea, na kuanzia hapo ulichonacho si fuwele moja tena bali mkusanyiko wa fuwele nyingi zisizofaa kutengenezea kifaa chochote. Chembe ya kwatzi iliyobanduka chunguni inaweza kuleta hasara hiyo, na mtikisiko wa mashine pia. Lakini gogo likiwa na dopanti nyingi (kitu kama antimoni kinachotiwa ili kubadili upitishaji umeme wa silikoni), anza kuchunguza mpaka wenyewe, pale kioevu kinapogeuka kuwa fuwele. Antimoni iliyokataliwa na fuwele imejikusanya hapo hadi mpaka ukashindwa kubaki laini.

Ndiyo maana nashikilia utaratibu mmoja katika mwongozo huu: kasi ya kuvuta ipangwe kwa kuangalia kwanza mkia, yaani sehemu inayoganda mwisho, ndipo urudi kichwani, sehemu inayoanza kuganda. Hesabu nyingi za wanafunzi hufanywa kwa ukolezi wa mwanzo, zinapita vizuri, na zinaishia hapo. Hesabu ya mwanzo karibu kila mara hupita.

Nimechagua antimoni kwa sababu hutumika kweli katika vipande vya silikoni vinavyowekwa chini ya tabaka za vifaa vya umeme wa nguvu. Atomi zake husogea polepole ndani ya silikoni, kwa hiyo hazipandi kirahisi kuingia kwenye tabaka safi iliyo juu. Njia ni ile ya kuvuta fuwele polepole kutoka kwenye kioevu, ya Jan Czochralski, Mpolandi aliyeigundua Berlin mwaka 1916 akifanya kazi na bati lililoyeyuka. Gordon Teal na John Little wa Bell Labs ndio walioitumia kuvuta fuwele moja za gemaniamu mwishoni mwa miaka ya 1940, na silikoni ikafuata.

Hatua ya 1: Kusanya namba zako

Namba ya kwanza ni k, namba ya mgawanyo. Ni ukolezi wa dopanti ndani ya fuwele ukigawanywa kwa ukolezi wake katika kioevu kinachogusana na fuwele hiyo. Ikiwa k ni ndogo kuliko 1, fuwele inakataa sehemu ya dopanti na kuirudisha kwenye kioevu. Katika silikoni, boroni ina k ya 0.8, fosforasi 0.35, aseniki 0.3, antimoni 0.023, na galiamu 0.008. Chuma kiko chini sana, karibu sehemu 8 kwa milioni. Tabia hiyohiyo inayotutesa kwa antimoni ndiyo inayosafisha silikoni dhidi ya metali, na William Pfann aliijengea mbinu nzima ya kusafisha gemaniamu kwa kuyeyusha ukanda baada ya ukanda, aliyoichapisha mwaka 1952.

Kwa mfano wetu tutahitaji pia hizi:

- Kasi ya difusheni ya antimoni katika silikoni iliyoyeyuka, D: 1.5 × 10⁻⁴ cm²/s
- Mnato wa kinematiki wa silikoni iliyoyeyuka, ν: karibu 3 × 10⁻³ cm²/s
- Idadi ya atomi katika kioevu: karibu 5.5 × 10²² kwa cm³
- Kiwango cha kuyeyuka: 1,414 °C, yaani 1,687 K
- Joto fiche la kuyeyuka: 50.2 kJ kwa moli
- Kasi ya kuvuta, v: 1 mm kwa dakika, sawa na 1.67 × 10⁻³ cm/s
- Mzunguko wa fuwele, ω: mara 15 kwa dakika, sawa na 1.57 rad/s

Thamani ya D hutofautiana kati ya kipimo kimoja na kingine kuliko namba nyingine zote hapo juu, na matokeo yote ya uthabiti wa mpaka (Hatua ya 5) yanagawanywa kwayo. Usibebe tarakimu nne za D ukadhani umepata usahihi.

Hatua ya 2: Tafuta k inayofanya kazi kweli

Thamani ya 0.023 ni ya kuganda polepole mno, yaani k ya mizani. Gogo likivutwa kwa kasi ya kawaida, antimoni iliyokataliwa haiwahi kuondoka yote. Inabaki ikizonga mpaka katika tabaka jembamba lenye unene δ, kwa hiyo fuwele inakutana na kioevu kizito kuliko kile cha katikati ya chungu. Burton, Prim na Slichter walilitatua jambo hili mwaka 1953 kwa fuwele inayozunguka (k_e ni k inayofanya kazi kweli, na exp ni namba e kwa kipeo):

δ = 1.6 × D^(1/3) × ν^(1/6) × ω^(−1/2)

k_e = k ÷ [k + (1 − k) × exp(−vδ/D)]

Weka namba zetu. δ inatoka karibu 0.026 cm, yaani robo ya milimita. Kisha vδ/D ni 0.29, exp ya hasi yake ni 0.75, na k_e inakuwa 0.030. Fuwele itachukua antimoni karibu theluthi moja zaidi ya ile ambayo k ya mizani ingekuambia.

Angalia kitu kingine katika mlinganyo huo: v imekaa ndani ya exp. Kila mara kasi ya kuganda inapotikisika, k_e inatikisika nayo, na mtikisiko huo unaandikwa ndani ya fuwele kama mistari myembamba ya ukolezi. Tutaitumia mistari hiyo baadaye kwa ukaguzi.

Hatua ya 3: Pima dopanti ya kutia chunguni

Tuseme tunataka kichwa cha gogo kiwe na atomi 1.5 × 10¹⁸ za antimoni kwa cm³, ambazo hutoa ukinzani mahususi wa takribani 0.02 Ω·cm. Gawanya kwa k_e: kioevu kinahitaji 4.9 × 10¹⁹ kwa cm³. Kwa kilo 60 za silikoni, ambazo zikiyeyuka huchukua karibu lita 23.5, hiyo ni antimoni ya gramu 235 hivi.

Usiiweke pamoja na silikoni baridi. Antimoni huchemka karibu 1,590 °C, si mbali na joto la silikoni iliyoyeyuka, kwa hiyo sehemu kubwa itakwenda na mvuke kabla hujaanza kazi. Subiri silikoni iyeyuke yote, ndipo uitie, na ongeza shinikizo la gesi ya agoni ndani ya tanuri ili kupunguza mvuke. Hata hivyo itaendelea kupotea katika saa zote za kuvuta. Kila tanuri lina kiwango chake cha upotevu, na njia ya kukijua ni kupima gogo la kwanza kisha kusahihisha la pili.

Hatua ya 4: Chora ukolezi kutoka kichwa hadi mkia

Hapa tunatumia mlinganyo wa Gulliver (1913) na Scheil (1942). Unachukulia kwamba atomi hazisogei ndani ya fuwele iliyokwisha kuganda, na kwamba kioevu kilicho nje ya lile tabaka jembamba kimechanganyika sawasawa:

C = k_e × C₀ × (1 − g)^(k_e − 1)

C ni ukolezi ndani ya fuwele, C₀ ni ukolezi wa kioevu mwanzoni, na g ni sehemu ya kioevu iliyokwisha kuganda. Kwa gogo letu:

- g = 0: 1.5 × 10¹⁸
- g = 0.5: 2.9 × 10¹⁸
- g = 0.8: 7.1 × 10¹⁸
- g = 0.9: 1.4 × 10¹⁹

Mkia una antimoni mara tisa ya kichwa. Ingekuwa boroni, yenye k ya 0.8, kwenye g = 0.9 ongezeko lingekuwa mara 1.6 tu. Viwanda vya silikoni ya paneli za jua vinaijua tofauti hii vizuri sasa, kwa kuwa vingi vimehama kutoka boroni kwenda galiamu ili kukwepa uharibifu unaotokea boroni na oksijeni zinapokutana ndani ya seli ya jua yenye kupigwa na mwanga. Galiamu yenye k ya 0.008 imewafanya wahangaike na ukinzani unaobadilika kutoka juu hadi chini ya gogo. Ukolezi wao lakini ni mdogo mara mia hivi kuliko wetu, kwa hiyo mpaka wao hauko hatarini. Tatizo lao ni usawa wa gogo. Letu ni uhai wa fuwele.

Mvuke wa antimoni utashusha namba za mkiani kidogo, na hilo ni jema. Ila usilihesabu kama kinga. Panga kana kwamba hakuna kilichopotea.

Hatua ya 5: Pima uthabiti wa mpaka

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na inafaa kuielewa kabla ya kuikokotoa.

Antimoni hushusha kiwango cha kuganda cha silikoni. Karibu na mpaka antimoni ni nyingi, kwa hiyo kiwango cha kuganda kiko chini. Ukienda mbali kidogo ndani ya kioevu, antimoni inapungua na kiwango hicho kinapanda. Joto halisi la kioevu nalo linapanda kadiri unavyotoka mpakani. Swali ni lipi linapanda haraka zaidi. Joto halisi likipanda haraka, kioevu chote kilicho mbele ya mpaka ni cha moto kuliko kiwango chake cha kuganda, na kinundu chochote kinachochomoza kutoka kwenye fuwele kinayeyushwa na kurudi. Kiwango cha kuganda kikipanda haraka zaidi, mbele ya mpaka kunakuwa na kioevu kilichopoa kupita kiwango chake kikiwa bado hakijaganda. Kinundu kikiingia hapo kinakua, kinasukuma antimoni pembeni, na pembeni panazidi kuchelewa kuganda. Mpaka unagawanyika kuwa seli, yaani vinundu vingi vilivyopangana, na hali ikizidi zinatokea dendraiti, matawi kama ya mti. Antimoni inayonaswa kati ya seli huvuruga mpangilio wa atomi, na fuwele moja inapotea.

Tiller, Jackson, Rutter na Chalmers walitoa sharti hili mwaka 1953. Mteremko wa joto katika kioevu, G, usipungue:

G ≥ v × m × C* × (1 − k) ÷ D

C* ni ukolezi wa kioevu pale kwenye mpaka, na m ni kiasi cha kushuka kwa kiwango cha kuganda. Kwa dopanti chache m inakokotolewa kutoka joto fiche: R × T² ÷ L × (1 − k), R ikiwa namba ya gesi, T kiwango cha kuyeyuka kwa K, na L joto fiche. Kwa silikoni hiyo ni 8.314 × 1,687² ÷ 50,200, karibu 471 K, na baada ya kuzidisha kwa 0.977 tunapata 460 K, ya kuzidishwa kwa uwiano wa atomi za antimoni katika kioevu.

Mahali pa kuteleza ni C*. Usitumie ukolezi wa kioevu cha chunguni wala k_e. Kwenye mpaka wenyewe mizani ya k inashika, hivyo C* ni ukolezi wa fuwele ukigawanywa kwa 0.023. Kichwani: 1.5 × 10¹⁸ ÷ 0.023 = 6.5 × 10¹⁹. Gawanya kwa 5.5 × 10²² na uwiano wa atomi ni 0.0012. Zidisha 460 × 0.0012 × 0.977, upate 0.53 K. Gawanya kwa D, zidisha kwa v: G inayohitajika ni karibu 5.9 K kwa cm.

Mahitaji mengine yanafuata ukolezi: kwenye g = 0.5 ni 11.6 K/cm, kwenye 0.8 ni 28, na kwenye 0.9 ni 55. Chukulia kwamba tanuri lako linatoa 20 K/cm katika kioevu. Gogo litapita nusu bila wasiwasi, kisha mahali fulani kabla ya asilimia 80 mpaka utavunjika. Ndicho kile kisa cha mistari inayopotea.

Hatua ya 6: Panga ratiba ya kasi

Kwenye g = 0.8, gawanya 20 kwa 28: kasi isizidi 0.71 mm kwa dakika. Kwenye 0.9 isizidi 0.36. Kupunguza v kunasaidia kwa njia mbili, kwa kuwa k_e nayo inashuka na fuwele iliyo mpakani inakuwa na antimoni kidogo zaidi. Kwa hiyo namba hizi zina akiba ndogo ndani yake.

Akiba hiyo haitoshi. Kioevu kilichomo chunguni kinazunguka bila utulivu, joto mpakani linapanda na kushuka, na kasi halisi ya kuganda kwa dakika fulani inaweza kuzidi sana kasi ya kuvuta. Binafsi naona nusu ya G ndiyo ya kuihesabu: kama unayo 20, panga kana kwamba ni 10. Ratiba inakuwa 1 mm kwa dakika mwanzoni, 0.85 kwenye nusu, na 0.35 kwenye asilimia 80. Kuanzia hapo muda unaopotea kuvuta mkia hauna faida. Simamisha kazi, funga mkia taratibu kwa kuupunguza kipenyo, na uache mabaki chunguni.

Kupunguza kasi peke yake kutanenepesha gogo, kwa hiyo ongeza nguvu ya hita kwa wakati uleule. Mizani ya joto mpakani inaeleza kwa nini: joto linalotoka kupitia fuwele ni sawa na lile linaloletwa na kioevu pamoja na joto fiche. Kwa kasi ya 1 mm kwa dakika, joto fiche la silikoni ni karibu wati 7 kwa kila cm² ya mpaka. Ukipunguza kasi kwa nusu, wati 3.5 zinakuwa huru, na nafasi hiyo hujazwa na joto la kioevu, yaani G inapanda. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Ukivuta haraka unaongeza hitaji la G na kuipunguza G yenyewe kwa wakati mmoja.

Kuna jambo moja zaidi la mkiani. Kioevu kikishuka, ukuta wa chungu unabaki wazi na moto, unaangaza joto kwenye fuwele, na fuwele inashindwa kupoa. G ya mkiani si ile uliyopima mwanzoni. Kama una programu ya kuiga joto la tanuri, iendeshe upya kwa chungu kilichobaki na theluthi moja, kisha kwa chungu chenye moja ya tano.

Mullins na Sekerka, katika kazi yao ya 1964, waliongeza mambo ambayo sharti la 1953 linayaacha: mteremko wa joto ndani ya fuwele, na nguvu ya uso inayolainisha vinundu vidogo. Uchambuzi wao unakuambia pia upana wa kinundu kitakachokua kwanza. Kwa kupanga ratiba ya tanuri la Czochralski, sharti la 1953 linatosha. Ukihamia kwenye kuganda kwa kasi kubwa, kama katika kuchomelea kwa leza, ndipo utawahitaji Mullins na Sekerka hasa.

Hatua ya 7: Kagua gogo

Ukiwa bado unavuta, tazama ubavu. Gogo la mwelekeo ⟨100⟩ (alama ya upande wa mpangilio wa atomi unaofuata urefu wa gogo) lina mistari minne ya ukuaji, la ⟨111⟩ lina mitatu. Mstari mmoja ukipotea, fuwele moja imekwisha, na kuendelea ni kupoteza umeme.

Gogo likipoa, kata kipande kwa urefu kupitia katikati, ung'arishe, kisha ukile kwa asidi ya kufichua kasoro, kazi ya kufanywa ndani ya chumba chenye kuvuta mvuke na mtu aliyefunzwa, maana asidi hizo huwa na hidrofloriki. Chini ya darubini utaona mistari ya ukolezi. Gawanya kasi kwa mzunguko: 1 mm kwa dakika kwa mizunguko 15 ni mikroni 67. Mistari ikiwa na nafasi hiyo, inatokana na fuwele kuzunguka katika joto lisilo sawa pande zote. Ikiwa haina mpangilio, inatokana na kioevu kuchafuka. Seli zina sura nyingine kabisa: ukikata kipande kwa upana zinaonekana kama mtandao wa pembe sita, kama sega la nyuki.

Usichanganye hayo na uso bapa. Kwenye gogo la ⟨111⟩ sehemu ya mpaka inaweza kuwa bapa kabisa, na dopanti inaingia hapo kwa k tofauti na pembeni. Katika indiamu antimonidi yenye teluriamu tofauti hiyo hufika mara nane. Doa la katikati lenye ukinzani mdogo, bila mtandao wa seli, ni dalili ya uso bapa.

Kisha pima ukinzani kwa sindano nne kila sentimita kadhaa, ubadilishe kuwa ukolezi, na uchore logi ya C dhidi ya logi ya (1 − g). Katika sehemu iliyovutwa kwa kasi moja, pointi zikikaa kwenye mstari mnyoofu, mteremko wake ni k_e − 1. Ukiona mteremko mdogo kuliko uliokokotoa, mvuke umechukua antimoni yako.

Kama huna tanuri

Maji yanatii milinganyo hiyohiyo. Chukua vyombo viwili vyenye kuta nene za kuzuia joto, vilivyo wazi juu tu, ili barafu ianzie juu na kushuka. Chemsha maji kwanza kupunguza hewa, kwa sababu hewa nayo hukataliwa na barafu na kutoa mapovu meupe. Cha kwanza kitie matone machache ya rangi ya chakula. Cha pili kitie rangi ileile na gramu 10 za chumvi kwa lita. Viache kwenye friza hadi nusu au theluthi mbili igande.

Kwa kasi ya milimita 3 kwa saa, chumvi hiyo inadai zaidi ya 6 K kwa cm, ambayo maji ya kwenye friza hayana kabisa. Kwa hiyo chombo cha pili kitatoa barafu yenye ukungu, rangi na chumvi vikiwa vimenaswa katikati ya visahani vya barafu. Barafu ya bahari hunasa chumvi namna hiyohiyo. Cha kwanza kitatoa barafu angavu juu, na rangi itakuwa imesukumwa chini.

Ikate barafu ya chumvi kwa tabaka za sentimita moja, yeyusha kila tabaka kwenye glasi yake, na upime upitishaji umeme. Chora logi zilezile. Rudia ukiwa na gramu 1 ya chumvi badala ya 10, kisha ukiwa na pampu ndogo ya tangi la samaki inayochanganya maji chini ya barafu, na uone k_e inavyoshuka δ inapokonda.